Tembe Lisilo na Tao

Picha iko mapokezi, nyumba ya wageni, Isevya,
juu ya daftari la majina na misumari ya funguo.
Kaichora Kapaya, yule yule
anayeandika DAWA BARIDI na SALUNI YA KIUME.
Miezi minne, kasema, kwa rangi za mafuta
alizoletewa na dereva wa treni.

Mawingu yamefura kama maziwa yanayochemka.
Mwanga umepenya upande mmoja tu,
ukatua begani mwa gofu.
Kuna tao (tao!)
limepasuka, mzizi wa mkuyu unanyonya ufa.
Na chini kabisa, mtu mdogo kama punje ya ulezi,
ametupa kisogo, ana fimbo, anatazama.

Mimi nalijua tembe lile, nyuma ya Ipuli.
Halikuwa na tao. Lilikuwa na mlango wa mninga
na kizingiti ambacho baba alikitwaa usiku,
kikawa benchi; mpaka leo tunakikalia.
Ukuta ulinifika kifuani,
nami nilikuwa darasa la tatu.
Halikuvunjwa na vita wala na karne.
Mchwa walianza, masika yakaendeleza,
sisi tukamaliza, kwa toroli.

Nikamwambia Kapaya. Akacheka, akasugua kidole
chenye buluu isiyotoka.
"Ningechora ukuta wa kifuani na mbuzi wawili,
nani angelala hapa aamke akiutazama?"
"Na yule mtu mdogo?"
"Wa kupimia. Bila yeye gofu halina ukubwa."
Kisha, kama anayeungama deni:
"Nimempa kisogo maana nyuso sijui kuchora."

Jioni niko jikoni kwa mama, nakaanga karanga.
Udongo wa tembe ndio huu:
tuliulowesha, tukaukanyaga na majani makavu,
tukafyatua tofali mia tatu na ushee.
Moshi umeupaka weusi
ambao Kapaya hana katika mikebe yake.

Karibu na figa, usawa wa goti,
ushanga mmoja umejitokeza ukutani,
wa buluu, tundu limezibwa na masizi.
Nani aliuvaa, nani aliudondosha, sijui.
Mwanangu Nyanzala huugusa kwa ncha ya kidole
kila akichochea kuni,
wala hajawahi kuuchokonoa.

Leo nami nikachuchumaa,
nikaupa ukuta uso wangu wote.
Karanga zikaungua.