Chumba cha Upande wa Mlima

Mbao tisa kutoka sakafuni hadi dirishani.
Nimezihesabu kwa kidole, maana rangi haitoshi.
Muuzaji wa Birere alinipimia kwa kopo la nyanya:
makopo manne ya buluu, mawili ya nyeupe,
na tone la kijani la nyongeza
lililobaki, alisema, baada ya kuandika jina la famasi.
Nikakoroga. Ikatoka rangi isiyo na jina.
Masika akachungulia ndoo, mkono kiunoni,
akasema: ziwa la saa kumi na mbili asubuhi,
kabla upepo haujaliamsha.
Basi, jina likapatikana.

Mama mkwe hakufurahi.
Kwao mgeni hatandikiwi kitanda kabla hajabisha hodi.
"Mnamwita kwa brashi?" aliuliza,
akaketi kizingitini akichambua maharage,
mgongo ameupa chumba,
na kila nilipomaliza ubao alisema, bila kugeuka:
"Hapo umeruka."
Na kweli, nilikuwa nimeruka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Siku nzima
macho yangu hula cheche, masikio hula nyundo.
Sikujua mkono huu unaweza kwenda taratibu hivi,
kufuata mshipa wa ubao kama anayesoma barua,
kuzunguka kichwa cha msumari bila kukikwaruza.
Mwezi wa tatu wa mimba nilianza kuongea kwa sauti ya chini.
Mwezi wa saba nikaanza kufunga mlango kwa mikono miwili.

Juu ya kitanda nilitaka kuning'iniza mawe.
Si mawe mazito: yale ya volkano,
yenye matundu, mepesi kama mkate mkavu.
Niliyaokota pale lava ilipolala juu ya nyumba yetu ya kwanza,
juu ya jiko, juu ya kabati, juu ya picha ya harusi.
Nikayafunga kwa uzi wa nailoni, saba,
yagusane kidogo upepo ukipita,
yatoe sauti ya vijiko vya jirani.
Masika akayatazama, kisha akanitazama mimi.
"Moto ule ule," akasema, "juu ya uso wa mwanangu?"
Sikuwa na jibu. Niliyafungua moja moja.
Moja limebaki: linazuia mlango usijibamize.

Mahali pake sasa kuna ndege wa vitenge,
matumbo yamejaa pamba ya mto wa zamani.
Mmoja ana bawa la sare ya harusi ya Nzigire,
mwingine jicho lake ni kifungo cha shati langu,
kifungo ninachokitafuta tangu Jumapili.
Mama mkwe ndiye aliyewashona, usiku, bila kutuambia.

Lilibaki dirisha. Linatazama kaskazini,
na giza likiingia, anga juu ya mlima
huwa jekundu kama kaa linalopulizwa polepole.
Nilileta pazia zito, lenye bitana nyeusi.
Masika akalikunja, akalifunga fundo pembeni.
"Auzoee akiwa mdogo. Umeme ukikatika
atakuwa na taa yake."
Nikasema mlima utamtisha.
Akasema kinachomtisha mtoto
ni uso wa baba yake anapoutazama mlima.

Jana usiku tulikijaribu chumba.
Tulilala sakafuni, kwenye mkeka, migongo ukutani.
Malori ya barabara ya Sake yakapita, mbao zikatetemeka,
ndege wakazunguka nusu, wakarudi.
Wekundu ukaingia, ukaigusa buluu,
na ukutani pakatokea rangi ambayo hatukuichanganya.
Hatukusema kitu.
Ndani ya tumbo mtu aligeuka, akatulia.

Leo asubuhi, kliniki, muuguzi akamwuliza Masika
ule mstari wa buluu begani ni dawa ya nani.
Ubao wa tano, nikajibu mimi.
Bado haujakauka.