Kipara cha Uani

Msellem alizileta ndani ya soksi,
koni tatu ngumu, kila moja na nyufa zake,
kutoka bandari moja ya Amerika yenye mto wa matope
alikokuwa akiwapikia mabaharia maharagwe.
Soksi niliifua. Mbegu niliziacha kwenye kikombe cha maji
dirishani jikoni, wiki tatu, nikazisahau.
Zilizosahauliwa ndizo zilizoota.

Akasema: huu ni mti wa kinamasi.
Nikasema: hapa Mshomoroni? Maji twanunua kwa mtungi!
Akanionyesha ile pembe ya ua, nyuma ya karo,
palipobonyea,
pale ambapo mpapai ulioza shina kwa masika moja,
mndimu ukafa, mwarobaini (mwarobaini, jamani!) ukafa,
na vyura hutukesheza Mei nzima.
"Hapa," akasema, "pana mgeni wao."

Masika ulijinywea wenyewe.
Kiangazi Katana alikuja na mkokoteni, mitungi kumi,
tisa ya nyumba, mmoja wa mti.
Mama Nyevu akachungulia juu ya ukuta:
"Weye, wamwaga pesa mchangani?"
Maji ya kisima nilijaribu mara moja tu.
Chumvi ikaunguza ncha za majani,
nami nikauomba radhi
kama niliyemkanyaga mgeni kwenye mkeka.

Majani yake ni malaini, kama manyoya ya kifaranga.
Msellem akipita, huinamisha kichwa chake,
kile kipara king'aacho kuliko sinia la Idi,
akakisugua kwenye matawi.
"Niache," asema, "nasukwa nywele."

Mwaka wa sita, kusi lilipokaza, mti ukageuka kutu.
Nikadhani ni kiu. Mitungi miwili. Wapi.
Ukapukutika kwenye nguo za kuanika,
kwenye uji, kwenye kofia ya imamu aliyepita,
ukabaki vijiti.
Mama Nyevu akaniletea fundi na shoka, kwa huruma:
"Umekufa, shoga. Kuni ni kuni."

Sikuwa na la kumjibu. Mwenye kujua
alikuwa amelazwa Makadara, wadi ya wanaume, dripu mkononi.
Nikamweleza. Akacheka hadi akakohoa.
"Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani,
mwambie fundi aende kwao."

Nilirudi magharibi, buibui sijavua,
nikapiga magoti kwenye tope, nikakwaruza.
Kijani. Kijani cha tambuu mbichi.
Nikapiga simu nimwambie.
Ikalia, ikalia, akapokea nesi.

Hitima tuliila chini ya vijiti vitupu.
Ulipochipua tena, siijui siku yake;
nilikuwa na makaratasi ya pensheni,
nilikuwa na watu wa kupikia.
Nilitoka kumwaga maji ya mchele, nikaona kivuli.

Aliwahi kuniambia mti huu hutoa magoti,
nikamcheka: kwani waswali?
Jana umeme umekatika, natoka na ndoo gizani,
nikajikwaa, nikapapasa:
kitu kigumu, mviringo, kimechomoza kando ya karo.
Fundi asema kitapasua saruji, tukate mapema.

Nimeiweka ndoo juu yake.
Imekaa sawasawa.