Datsun ya Marehemu

Sikuigusa kwanza. Niliiacha ipoe.
Kutoka Kibosho mpaka hapa Pasua ilikuja ikihema,
mshale wa joto umelala kwenye nyekundu,
nawe, Mama Ndeshi, ulishuka, khanga begani,
ukasema, "Fundi, inatokota kama mtori."

Unaona kovu hili?
Ni la mfuniko nilioufungua injini ikiwa moto,
enzi hizo mimi ni spana boi tu.
Methali ya haraka sihitaji kukumbushwa,
niliandikwa nayo kwenye ngozi.
Kunywa chai, mama. Chuma nacho kina hasira zake,
huzishusha chenyewe kisipobembelezwa.

Saa tano nikaingia chini na karai.
Koki ya rejeta ilikuwa imeng'ang'ana na kutu;
nikaipaka dizeli, nikaisemesha,
robo mzunguko, nusu,
ikatema.

Yale hayakuwa maji.
Rangi ya tofali, mazito kama mbege iliyosahaulika,
yamebeba magamba, mchanga laini,
na (usicheke) uzi mmoja wa mgomba.
Nikajua mzee alikuwa akijazia mferejini.

"Ndiyo," ulisema. "Pale kwenye mfongo, juu ya kanisa.
Kila akipanda na madebe ya maziwa alisimama,
akachota kwa kofia yake."
Kisha ukanyamaza, ukalitazama karai
kama mtu aliyeletewa barua.

Ningeweza kukueleza ukweli wa ufundi:
kwamba maji ya mlima yana udongo wake na chumvi zake,
kwamba miaka kumi na minne kila kofia moja
ilimega chembe ya injini ile ile aliyoinywesha.
Nikauliza tu kofia ilikuwa ya rangi gani.

Kijivu.

Nikatoa thamostati, nikachomeka mpira wa bomba juu,
maji yakashuka yakigugumia kifuani mwa chuma,
yakatoka ya kahawia.
Nikafunga, nikajaza, nikawasha, nikazima, nikangoja, nikafungua:
ya chai ya rangi.
Mara ya tatu, ya mchele ulioshwa.
Ya tano ukainama mwenyewe, ukaona kidole chako chini ya karai.

Hapo Kalisti, kijana wangu, akabeba karai la kwanza
akielekea mtaroni.
Nikapiga kelele mpaka muuza vitumbua akageuka.
Maana chini ya kutu nilikuwa nimeona ukijani:
kuna mtu aliwahi kutia kulanti,
na kulanti ni tamu, mama. Utamu ndio ubaya wake.
Mwaka fulani niliimwaga nyuma ya gereji.
Mlinzi wa mashine ya kukoboa alikuwa na mbwa, jina lake Polisi.
Alilamba akamaliza, akaja kunitikisia mkia.
Siku ya tatu mlinzi alipita ana jembe,
akanisalimu vizuri tu.
Hiyo salamu sijaimaliza kuijibu.

Sasa huwa natia kwenye galoni, nafunga,
naandika SUMU kwa rangi ya mlango.
Yako magaloni tisa pale kwenye stoo. Sijui nitayapeleka wapi.
Lakini mtaroni, hapana.

Kopo la kulanti mpya linasema haigandi hata kwenye barafu.
Ukacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi:
"Kwani nani anapandisha Datsun Kibo?"
Nikamimina polepole, nikiuminya mpira wa juu,
povu likapanda, likapasuka,
hewa ya zamani ikitoka moja moja
mpaka uso wa maji ukatulia.

Elfu arobaini na tano.
Ulinishusha mpaka thelathini na nane, nikakubali.
Mshale umekaa katikati, hautikisiki.
Kesho, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie.
Yakipungua usichote kwenye mfongo.
Nipigie.

Kofia iko nyuma ya kiti.
Sikuigusa.