Spika ya Tisa

Nilizifunga mwenyewe, siwezi kukana.
Kiloleni, Tabora, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga,
sebule ya hatua nne kwa tatu
(nilipima kwa viatu, futi kamba niliisahau dukani)
na bati lisilo na dari.

Mzee Kapela alikuwa amelipwa mafao yake ya reli.
Akaanza na mbili, kulia na kushoto,
kama masikio, nikamwambia, zinatosha.
Wiki ya pili akataka ya katikati, ya maneno,
maana watu wa kwenye runinga walikuwa wanamung'unya.
Hiyo sikumbishia. Ya katikati ilikuwa halali.

Kisha mbili za nyuma.
Kisha mbili za ubavuni.
"Fundi, kwenye boksi wameandika saba."
Kwenye boksi wameandika pia usiweke karibu na maji,
na ya sita ilikaa juu ya mtungi.

Nikatoboa. Tofali la kuchoma hutoa vumbi jekundu
ambalo unalitafuna hadi usiku.
Waya nikaupitisha nyuma ya picha ya harusi,
chini ya zulia, juu ya kalenda ya ushirika wa tumbaku.
Kila tundu elfu tano. Sikuuliza ni za nini.
Fundi wa maswali hulala njaa,
ndivyo nilivyojifariji.

Helikopta ilipopita, ilipita kweli:
ilitokea dirishani, ikazunguka kabati la vyombo,
vikombe vikaitikia,
ikatua mgongoni kwangu.
Lakini mle ndani sauti haina pa kwenda.
Inagonga ukuta, inarudi, inakutana na mwenzake
kama watu wawili mlangoni,
pita wewe, hapana, pita wewe,
na maneno yanakuwa uji.
Sebule ndogo ni kikombe,
haijali umeleta birika ngapi.

Nilijua hayo.
Nikamuuzia ya nane.
Nikamuuzia ya tisa, ya kuning'inia kwenye kenchi.

Nilikuwa bado juu ya ngazi
mkewe, Mama Nyamizi, alipoingia na sahani ya matobolwa.
Akakaa kwenye kiti chake. Mzee akamtazama
kama anayengoja majibu ya mtihani.
"Umeisikia ya nyuma?"
"Nimeisikia."
"Inatoka wapi?"
Akaonyesha kulia.
Na ya kushoto? Kulia.
Na hii ya juu?
Akafikiri kidogo, kwa huruma,
akaonyesha kulia.

Sikio la kushoto lilikufa akiwa darasa la tatu,
homa ya uti wa mgongo, wiki mbili Kitete.
Ndipo nikaielewa hesabu ya mzee:
kwamba zikizidi, moja itapenya.

"Kwangu mimi," mama akasema,
"mvua zote hunyesha upande huu. Tangu utotoni.
Kuleni, vinapoa."

Mzee akazima. Akabaki na remoti mkononi
kama tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka.

Kesho yake nilirudi na bisibisi, bila kuitwa.
Niling'oa sita. Nikaacha zile mbili na ya katikati.
Kiti cha mama tukakizungusha kidogo tu,
kiasi cha kiganja,
sikio zima likaelekea kwenye maneno.
Saa tatu ikaanza tamthilia yake,
yule dada akamwambia kaka yake sentensi moja mlangoni
na mama akapiga paja:
"Kumbe alisema *sijamsamehe*!
Mwaka mzima mimi najua amemsamehe!"
Ikabidi mzee amweleze upya kisa chote,
kaka, shamba, wosia, mtoto wa nje,
na kwa kuwa alikuwa anaeleza
hakuna aliyesikia kilichofuata.

Matundu sita yamebaki ukutani. Hataki niyazibe.
La karibu na mtungi limehamiwa na nyuki wadogo,
wale wasiouma.
Pesa nilizomrudishia ni nusu.
Nusu nyingine nilikuwa nimeshaila,
na kila nikipita pale kwenye mashine ya kusaga
nageuza uso upande wa kushoto.