Mji wa Kadibodi

Kila Oktoba wanakuja kutoka Regina,
vijana wenye ndevu za kuchongwa, fulana zenye picha ya meno,
wanajaza ukumbi wa kanisa hadi viti vya chuma vinalia,
na taa zikizimwa tu, wanaanza kucheka
kabla hata jina halijaandikwa.

Siwalaumu. Filamu ni mbovu.
Daktari anamwaga dawa ya kijani shambani,
muziki unapiga mayowe kumshinda anayeliwa,
na kuchakuro, mnyama wa kuenea kiganjani,
anakua mpaka kimo cha ghala la ngano.
Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo.
Wahenga hawakufika Saskatchewan.

Mwaka sabini na mbili, mimi nina miaka tisa.
Bwana Quigg, mwongozaji, koti jeupe katika tope la Vesna,
akamuuliza baba: Metro, waweza kunijengea mji?
Baba, seremala wa makabati na majeneza,
akauliza, Mji gani?
Wowote, akasema Quigg. Utaliwa.

Basi akajenga wetu.
Hakuujua mwingine.
Kipupwe kizima bandani, pumzi zikitoka moshi,
kadibodi, njiti za kiberiti, gundi inayonuka kwato:
duka la mikate la Bi Paraska na bomba lake lililopinda,
mgahawa wa Bwana Mah, herufi za dirishani
zimechorwa kwa ncha ya sindano,
kituo cha reli, na saa yake imekwama saa nne na robo
kama ya kweli ilivyokwama.
Mimi nilipaka kuba la kanisa.
Rangi ilichuruzika. Bado inachuruzika,
tazama, dakika ya arobaini na moja.

Jitu lenyewe aliitwa Hrytsko.
Nilimlea ndani ya kofia ya baba, kwa maziwa ya kudondosha.
Ile damu kidevuni ni supu ya bitiruti ya mama,
ndiyo maana anairamba vile.
Na pale anapopasua ukuta wa shule, watu wakapiga kelele,
anatafuta mbegu za alizeti
alizozificha Quigg chini ya madawati.
Taa zilimtisha. Alikojoa juu ya posta.
Hicho kipande hawakukikata.

Nje ya banda, halmashauri ililipa senti tano kwa mkia.
Wavulana walikuja shule na mikia katika kopo la kahawa,
wakaihesabu mapumziko, kwa sauti, kama meza ya kuzidisha.
Aprili, kazi ilipokwisha, nikamwachia Hrytsko shambani.
Wiki hiyohiyo waligawa shayiri yenye sumu.
Haikuwa ya kijani. Ilikuwa shayiri tu.

Kisha ikaja barua ya reli, muhuri mmoja, karatasi moja.
Bwana Mah akahamia Vancouver kwa mwanawe.
Bi Paraska akafa Jumanne, tanuri lingali na joto.
Ghala la ngano waliliangusha kwa trekta mbili na kebo,
likainama polepole, kama mtu anayetafuta kiatu,
na baba alisimama barabarani kofia mkononi,
hakusema neno mpaka vumbi likatua.
Leo Vesna ni ukumbi huu, makaburi,
na nguzo ya taa isiyo na taa.

Dakika ya arobaini na moja.
Hrytsko anapita Barabara Kuu, tumbo linafuta paa,
ukumbi mzima unapiga miguu, unahesabu, moja, mbili,
na mimi nachungulia chini ya mguu wake wa nyuma,
nyumba ya tatu, kushoto,
ambapo baba, bila kuagizwa na mtu,
alitia balbu ya tochi jikoni.
Inawaka.

Kijana jirani yangu ananinong'oneza:
Mama, ndiyo mara yako ya kwanza kuiona?

Nyamaza, mwanangu.
Anakaribia kwetu.