Kilo Kumi na Tano

Mizani ya uwanja wa Chake haina haya:
kumi na saba na nusu, mbele ya watu.
"Dada, punguza, au lipa, au shika mkononi,"
akasema Makame wa kaunta.

Nikafungua begi sakafuni.
Halua ya Wete imeshavujia blauzi ya kazini;
ziende zote mbili, tumboni mwa ndege,
zikamalizane huko.
Koti nikalivaa, na joto lile.

Ikabaki mbuzi ya mama.
Kibao kimeng'aa kwa miaka ya kukaliwa,
ulimi bado una meno.
Niliazimia kuipakata hadi Dar.

"Hii ina makali. Haipandi na abiria."
"Haijawahi kukuna ila nazi."
"Najua. Hata kwetu ipo."

Akaivisha gazeti, akaipiga kamba,
ulimi akauzungushia kitambaa chake mwenyewe,
akabandika jina langu.
Sikumwambia kuwa mwenye mbuzi hakuni tena.
Nadhani alishajua:
fundo alilifunga mara mbili.

Sasa tuko juu ya Mkoani.
Mapajani mkoba nilimoitoa, mtupu,
ila chini kabisa, kucha zinapofika,
chembe za chicha kavu
zilizopita bila kupimwa.