Hesabu ya Makopo

Julai, na upepo wa kusi wagonga madirisha ya Tudor
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Baridi yetu si baridi, najua,
watu wa Limuru wangetucheka;
lakini mama ana miaka themanini na miwili
na mifupa yake haisomi vipimajoto.

Siku ya tisa mfereji haujasema kitu.
Nauzungusha kila alfajiri, kwa mazoea,
kama anayempigia simu marehemu.
Mwanzoni ulitoa hewa.
Kisha hata hewa ikakatika.

Tsuma hupandisha madumu hadi ghorofa ya nne,
mawili mawili, magoti yakimlia.
Jumatatu dumu lilikuwa shilingi thelathini.
Alhamisi, hamsini.
"Si mimi, dada, ni foleni ya kule kisimani.
Na ngazi zenu hizi."
Deni lake naliandika kwa chaki nyuma ya mlango,
mistari mitano mitano, kama mfungwa.

Nilikwenda ofisi ya maji. Msichana wa dirishani
akasema ni bomba kuu.
Nikamuuliza, lini?
Akaitazama feni juu, nayo ilikuwa imezimwa.

Basi nimejifunza hesabu.
Kopo la kwanza laosha mchele;
maji hayo hayo, meupe kama tui la pili, yaosha sahani;
ya sahani, na mafuta yake, yatia choo adabu.
Ya kunawia uso nayaangushia karaini,
humo zalowekwa soksi za Mwinyi.
Katika nyumba hii tone halifi mara moja.

Na mvua inanyesha, ndiyo kejeli yenyewe:
rasharasha nyembamba ya kipupwe,
yatosha kulowesha nguo kambani,
haitoshi kujaza kikombe.
Nilitega sufuria saba kwenye roshani.
Asubuhi nikakuta kina cha ukucha
na unyoya wa kunguru.

Jioni namwogesha mama.
Makopo matano: mawili ya moto, matatu ya baridi,
yote ya kisima cha Tsuma, yana chumvi,
sabuni haitoi povu, yajikunja tu.
Namkalisha kigodani, nafunga dirisha kwa leso
upepo usimwone.
"Fungua mfereji," asema.
"Hautoki, mama."
"Basi teka kisimani."

Kisima chake kilikuwa uani, nyumba yao ya Kuze.
Kimezibwa kwa zege, na juu ya zege pana duka
la vifuniko vya simu.
"Teka, mwanangu. Kamba ipo msumarini."

Nikazamisha kopo ndooni, polepole,
nikavuta kamba isiyokuwepo,
mkono juu ya mkono, hata nikahema.
Nikammwagia mabegani.
Akafumba macho. "Baridi," akasema, "lakini matamu."
Mimi nilishayaonja.
Nikasema, "Matamu, mama,"
nikaongeza kopo la sita, ambalo halikuwa kwenye hesabu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa tisa,
akaniita gizani:
"Nani huyo anakohoa?"
Nikadhani ndoto. Nikadhani Mwinyi.
Kisha nami nikasikia, kooni mwa ukuta,
kikohozi kirefu cha chuma.
Kikatema. Kikanyamaza. Kikatema tena,
kahawia kama chai iliyolala.

Nikasimama pale miguu mitupu, sakafu barafu,
ndoo mkononi, na nikasahau kukinga.
"Nani?" akauliza tena.
"Mgeni, mama."
"Mpe kiti," akasema, akageukia ukutani.

Nikampa ndoo.